Choo cha Mama Mdogo

Miaka ya mwanzo ya uhuru nilikuwa karani wa bwana afya huko Msambweni. Nilizunguka vijijini kwa baiskeli, fomu zikiwa mkobani, nikiuliza nyumba hadi nyumba: mnalala wangapi, maji mnateka wapi, nani ameugua homa mwezi huu, choo kipo au hakipo. Nilikuwa kijana asiyetulia. Kabla sijamaliza kuandika majibu ya nyumba moja, macho yangu yalikuwa yameshahamia mlango wa pili.

Kijiji cha Bodo ndiko alikonilea mama mdogo, dadake mama. Zamu ya Bodo ilipofika niliomba apelekwe mtu mwingine. Hapakuwa na mtu mwingine.

Nilimkuta barazani akisuka ukili pamoja na majirani wawili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza hali ya mke wangu, kisha akakaa sawasawa kama aliyeitwa mbele ya chifu. Alijibu yote bila kusita. Nilipofika kwenye swali la choo, majirani waliacha kusuka.

"Kipo," alisema.

Nilijua hakipo. Kilibomoka kwa mvua mwaka aliofiwa na mumewe, na tangu hapo alikuwa akienda kujisitiri kwenye mikoko alfajiri, watu wakiwa hawajaamka. Kazi yangu ilinitaka niende nyuma ya nyumba nikatazame mwenyewe. Sikuinuka. Niliandika kipo, nikanywa maji aliyonipa, nikapanda baiskeli.

Fomu ile haikuniacha. Mara mbili niliitoa kwenye jalada, nikashika kalamu, nikairudisha. Mke wangu akinisemesha habari za shamba, nilimjibu mambo mengine kabisa.

Baada ya miezi kadhaa likaja lori la mabamba ya saruji ya kufunikia mashimo ya vyoo. Yaligawiwa kwa orodha ya wasio na choo. Wale majirani wawili, waliosema kweli, walipata. Mama mdogo akatuma mtu aniite. Nilipofika hakunikaribisha kuketi. Aliuliza kwa nini jina lake halimo. Nikamwambia niliandika vile alivyosema.

"Mimi nilisema mbele ya watu," alinijibu polepole. "Wewe ulikuwa na macho."

Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja ofisini nikamweleza bwana afya. Nilijua atanifukuza. Badala yake aliuliza ni nyumba ngapi nyingine ambazo sikutazama. Nikataka kusema hakuna, kisha nikaanza kumhesabia. Zilikuwapo: penye mbwa mkali, kwa mzee niliyemwonea haya, na nyingine ambazo nilikuwa na haraka tu.

"Basi hatujui lolote kuhusu Bodo," alisema. "Rudi, uanzie nyumba ya kwanza."

Nikarudi. Watu walidhani serikali imepoteza makaratasi. Nikawaambia kosa ni langu. Baadhi walicheka, wengine walinijibu kwa mkato. Nyuma ya nyumba kadhaa nilizoandika kipo, nilikuta nyasi tupu.

Mama mdogo hakungoja niulize. Alitangulia nyuma ya nyumba, kanga kichwani, mpaka penye shimo lililojaa majani makavu, akasimama kando.

"Andika," alisema.

Niliandika hakipo, naye akitazama kalamu yangu, ingawa hakujua kusoma.

Bamba lake lilichelewa hadi baada ya mvua za masika, na masika yote hayo alikuwa akienda mikokoni kwenye matope. Lilipofika aliniagiza nije nichimbe shimo mimi mwenyewe. Nilichimba siku mbili. Siku ya kwanza hakunisemesha. Siku ya pili aliniletea chai, akasimama ukingoni mwa shimo na kuniuliza kama kisiwani Funzi nimeshakwenda kutazama vyoo. Nikamwambia bado, nitavuka kesho. Akaniambia ninywe chai yote kwanza.