Ndama Aliyenisubiri Olmotonyi

Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi la ofisi moja mjini, nikisubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi. Mzee mmoja akakaa kando yangu. Koti lake lilinukia moshi wa kuni na maziwa ya kibuyu, na majibu yote niliyokuwa nimeyakariri yakanitoka. Nikawa mtoto tena, kwenye korido ya mahakama, miguu haifiki sakafuni.

Wazazi wangu walikuwa wameachana. Mimi niliishi na mama mjini, mtaa wa Njiro. Baba alirudi kwao Olmotonyi, kijijini mlimani, kwa bibi. Alichoomba mahakamani kilikuwa kidogo: kila mwisho wa mwezi nipande kwake, nilale, nirudi. Wiki aliyofungua kesi, ng'ombe wa bibi alizaa ndama jike. Bibi akatamka kuwa ni wa mjukuu wake, akakataza mtu yeyote kumpa jina. Mwenyewe akija atampa.

Basi nikawa na kazi. Nililala na majina, nikaamka nayo. Hili fupi mno. Lile, je, akilichukia?

Lakini kesi haikusogea. Mara hakimu yuko semina, mara wakili wa mama anaumwa, mara ripoti ya afisa ustawi wa jamii haijafika. Karani alitoka, akaita majina yetu kama anayeita wagonjwa, akasema imeahirishwa. Nilianza kuamini ni mimi ninayeichelewesha: labda nilikohoa, labda soksi zangu hazikulingana. Tuliporudi nilizivuta zikalingana kabisa. Ikaahirishwa.

Kila mara, kabla karani hajatoka, baba alikuja kuchuchumaa mbele yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Ndama wako ameanza kula majani."

Safari nyingine alikuwa ameota pembe. Nyingine, amevunja ua na kula mahindi ya jirani.

"Usimjaze mtoto habari za ng'ombe," mama alisema, macho kwenye simu.

"Mama Naserian, ng'ombe hajashtakiwa."

Mama alicheka, kisha akakumbuka kuwa hapo hapakuwa mahali pa kucheka naye.

Mimi nilimsikiliza baba kwa sikio moja. Macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa karani.

Siku moja alinong'ona kuwa ndama ana mimba. Tulipokutana tena baba alikuwa amenyoa kichwa chote. Bibi alikuwa ameshazikwa.

"Alikuwa anauliza kama umeshachagua jina," alisema.

Ruhusa ilipotoka hatimaye, nilipanda Olmotonyi. Nilikuta ng'ombe mzima, mpana, akimnyonyesha mwanawe. Alinitazama mara moja, akaendelea kutafuna.

"Haya, mpe," baba alisema.

Nilisimama pale kwenye baridi. Kati ya majina yote niliyoyabeba, hakuna lililomtosha. Yote yalikuwa ya ndama.

Miaka ile niliamini kwamba siku zangu na baba zilikuwa bado hazijaanza, ziko nyuma ya mlango ule, zinasubiri muhuri. Nimechelewa kuelewa kwamba nyingi zilipita palepale koridoni, yeye amechuchumaa, ananukia moshi na maziwa, ananiletea Olmotonyi kipande kwa kipande, nami ninachungulia mlango.

Wiki iliyopita mlango wa ofisi ulipofunguka na jina langu likaitwa, nilikuwa nimeupa mgongo. Nilikuwa namuuliza mzee yule habari za ng'ombe wake.