Mama mkubwa aliruka dawa ya moyo kwa sababu ya foleni ya mpakani

Wakuu, heshima zenu. Haya yametokea nyumbani kwetu Gisenyi, nimeyaona mwenyewe, sijasimuliwa.

Mama mkubwa ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Anachukua maharage Kanama, anavuka nayo mpaka kwa miguu kwenda kuuza Goma, mzigo kichwani.

Miguu ikaanza kuvimba. Tukasema ni kutembea tu. Kisha akawa hawezi kulala chali, pumzi inakata mpaka aegemee mito.

Hospitali wakasema heart failure. Mimi nilidhani maana yake moyo umesimama. Ungesimama tungekuwa msibani, siyo hospitali!

Daktari akanifafanulia kuwa ni moyo kushindwa kusukuma damu ya kutosha. Presha ilikuwa juu miaka mingi bila tiba, moyo ukawa unasukuma damu kwa nguvu kupita kiasi, msuli ukanenepa, mwisho ukachoka. Damu inayofika kwenye figo ikipungua, figo zinadhani mwili umekaukiwa, zinabana chumvi na maji. Moyo uliochoka unaongezewa kazi. Maji yanajaa mapafuni na miguuni.

(Siyo presha peke yake. Wengine ni mishipa ya moyo kuziba, valvu kuharibika, hata kujifungua kunaweza kudhoofisha moyo.)

Akapewa dawa, mojawapo ya kukojoa hayo maji. Akapata nafuu, akarudi sokoni.

Haikuchukua muda akavimba tena. Anahema akiwa amekaa kitini. Wakuu, niliogopa sana, niliona namzika mzazi wa pili.

Tukarudi. Daktari akauliza kama dawa anameza.

"Nameza, docteur."

"Kila siku?"

Akatazama chini.

"Bon, niseme ukweli. Siku ya soko ile ya mukojo simezaka. Ku barrière ya mupaka iko mulolongo murefu, mi niko na muzigo ku kichwa. Nitakojoa wapi? Mbele ya batu?"

Na kwake siku ya soko ni kila siku isipokuwa Jumapili.

Nilipandwa na hasira. Daktari wala hakumgombeza, alimuuliza tu huwa anarudi saa ngapi. Mchana. Daktari akamwambia basi hiyo moja awe anaimeza akirudi. Mama mkubwa mwanzo aliambiwa ameze asubuhi, akajua ni asubuhi au basi. (Msijibadilishie muda wenyewe, muulizeni daktari.)

Sasa uvimbe umeshuka na analala vizuri. Moyo haujapona, ni wa kutunza maisha yake yote.

Njiani nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"We iko mutoto wangu mwanaume. Ningeanzia wapi?"

Dawa nilikuwa nachukua mimi, hospitali nampeleka mimi, ila sikuwahi kumuuliza anazimezaje.

Wenye mama wanaoshinda barabarani na sokoni, waulizeni leo wanajisaidia wapi. Ni swali la aibu, najua. Kwetu aibu hiyo ilibaki kidogo itoe roho ya mtu.

Mliouguza moyo, karibuni mchangie. Hata wa kunisema, ruksa.