Mshale Mmoja wa Mzee wa Mvua

Asubuhi ile Chapuchapu aliingia kituo cha hali ya hewa meno yote nje. Jina hilo alipachikwa na wenzake kwa jinsi vidole vyake vinavyokimbia juu ya kibodi, maana ndiye anayetunza kompyuta ya vipimo vya mvua. Jana yake, akisoma mwongozo wa lile dirisha jeusi la kuandikia amri, aligundua kwamba miaka yote hiyo lilikuwa na mipangilio mizuri iliyozimwa, inamngoja mtu wa kuiwasha tu. Kumbe alikuwa akilala njaa na chakula kimo jikoni!

Akaiwasha mmoja mmoja. Mmoja unasahihisha jina la folda ukilikosea. Mwingine unakataa kufuta faili lililopo, na huo ndio uliomfanya acheke peke yake. Kwenye dirisha lile, alama mbili za mshale, >>, huongeza mstari mwishoni mwa faili. Mshale mmoja hufuta yote na kuanza upya. Na nani hajawahi kubonyeza mara moja pale pa mara mbili? Aliwasimulia wenzake mpaka chai ikapoa. Fundi umeme akamuuliza harusi yake na kompyuta ni lini.

Siku hiyo Mzee wa Mvua, mkuu wa kituo, alikuwa anastaafu. Vipimo vyote vya faili la mvua alivichukua yeye, tangu hana mvi hata moja. Karatasi za zamani zililiwa na mchwa, na diski ya akiba ilikufa juzi tu, mpya haijaletwa. Kazi ya maisha yake ilikuwa mle, na si kwingine.

"Binti yangu, kipimo cha leo niachie niandike mwenyewe," alimwambia Chapuchapu.

Akampisha kiti. Mzee akavaa miwani, akadonoa herufi moja moja, akabonyeza. Dirisha likamjibu bila adabu: faili lipo, hairuhusiwi kuandika juu yake.

Mzee akaondoa mikono polepole. "Hata mashine imeshajua mimi si wa hapa tena."

Chapuchapu akautazama ule mstari. Mshale mmoja! Furaha ikampanda hadi akatamani kurukaruka. Ingekuwa jana asubuhi, mvua yote ya mzee ingekwenda na maji.

"Haijakukataa, mzee wangu," alisema. Akamwonyesha kwa kidole mahali palipopungua mshale. "Imekataa kukufuta."

Mzee akasoma tena, akaelewa, akavua miwani akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi. Halafu akacheka.

"Kuteleza si kuanguka," akasema, akaongeza mshale wa pili.

Mstari ukaingia chini ya mingine yote. Mzee hakuinuka. Aliomba aonyeshwe mstari wa kwanza kabisa, wa siku aliyoajiriwa, na Chapuchapu akavuta kiti kingine wakaanza kusoma kutoka juu.