Mkanda Ulioshonwa kwa Uzi wa Nyavu

Bosi wangu wa kazi ya kukata miti hakuwa mtu wa kutupa kitu. Mpini wa shoka ukivunjika, alichonga mwingine kutoka kwenye tawi tulilokata siku hiyohiyo, akasema ni zawadi ya mteja. Mkanda wa kupandia, ule unaonizunguka kiunoni na kunishikiza kwenye mti, ulipoanza kufumuka, aliupeleka kwa fundi viatu Mkuyuni. Ukarudi na kiraka cha tairi, umeshonwa kwa uzi wa nyavu. Bosi akauvuta mara moja, akanipigapiga begani.

"Huu sasa unabeba ng'ombe," akasema.

Sikumuuliza ni ng'ombe gani aliwahi kupanda mti.

Kitu kimoja tu hakikujua kiraka: msumeno wa mashine. Huo ulilala ndani kwake, umefunikwa kanga, ulikunywa oili safi, na cheni yake ikilegea kidogo alinunua mpya. Niliuonea wivu. Nasema kweli, mtu mzima mimi, nilikuwa nauonea wivu msumeno.

Siku moja tulikuwa mlimani, kwenye nyumba zilizojibana katikati ya majabali, tunapunguza mkaratusi ulioinamia bati la mama mmoja. Nilikuwa juu kabisa, ziwa naliona lote, nikasikia kiunoni: ta! Halafu tena: ta! Uzi wa nyavu ulikuwa unaachia. Nikaukumbatia mti kwa mikono miwili, na mtu hana wa tatu, kwa hiyo msumeno ukaenda zake. Ukagonga jiwe, ukazama kwenye ufa kati ya majabali.

"Mashine!" bosi akapiga yowe. "Mashine yangu jamani!"

Akalala kifudifudi na shati lake lililonyooshwa, akaingiza kichwa na mikono ufani, akawa anaibembeleza. Mimi huku juu nimeukumbatia mti, jasho linaniingia machoni. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeinua uso.

"Baba, na huyu wa juu je?"

"Huyo ameshikilia," bosi akajibu kutoka ndani ya ufa.

Nikashuka mwenyewe, kifua chote kimechubuka. Mashine tuliinasua kwa ndoano ya kuvulia sangara. Bosi akaifuta kwa leso yake, akapanda nayo bodaboda kwenda kwa fundi. Mimi nilitembea, na hasira zangu.

Mashine ilipopona, tukarudi kuumaliza mti. Bosi alikuwa na kamba mpya, nene, ile hasa ya kupandia. Moyo wangu ukalainika, nikainua mikono anifunge. Akanipita, akaifunga mashine.

"Isije ikaanguka tena," akasema. Mimi nikakabidhiwa mkanda uleule, umeongezwa kiraka cha pili.

Nikaifungua kamba mpya kwenye msumeno, nikajifunga mwenyewe. Kisha nikaufunga msumeno kwa mkanda wenye viraka, nikaanza kupanda, nao unaning'inia chini yangu.

"We kijana! Huo mkanda utakatika, utaniangushia mashine!"

"Bosi, si ulisema unabeba ng'ombe?"

Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini. Bosi hakucheka. Alisimama chini ya mti muda wote, mikono ameitandaza tayari kuudaka msumeno. Siku nilipokuwa naning'inia mimi, mikono hiyohiyo ilikuwa ndani ya ufa.