Baba Mkwe Barazani, Mimi Jikoni

Mjukuu wangu wa kike anasoma kompyuta huko Mbeya. Likizo alikuja hapa Suma kanuna, hata ndizi hataki. Nikamuuliza kulikoni. Kumbe chuoni wametakiwa watunge hadithi ya gemu, yale ya kucheza kwenye simu: mtu kaingia ndani ya dunia ya kompyuta, kutoka hawezi. Yeye katunga mlango wa chuma, ufunguo umefichwa. Mwalimu kaikataa, kasema hiyo kila mtu anayo. Asipopeleka nyingine nzuri, anarudia mwaka.

"Bibi, uliwahi kufungiwa mahali?"

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mimi shule niliishia la pili, leo naulizwa mambo ya chuo. Nikamwambia nimefungiwa, tena mlango ukiwa wazi.

Nilikuwa bado bibi harusi. Zamani kwetu huku mke wa mtu hakutani na baba mkwe. Humtazami, husemi naye, jina lake hulitaji, ukimwona njiani unaingia migombani mpaka apite. Basi asubuhi moja mama mkwe kafunga nyumba kaenda sokoni Tukuyu, mume wangu yuko shambani anachuma chai, mimi niko jikoni na maharage yangu. Jiko lenyewe kibanda cha mianzi, halina hata ubao wa kufungia, mlango unatazamana na baraza, na njia ya kutokea inapita hapohapo. Mara nasikia kikohozi. Baba mkwe kaja, kakaa barazani.

Nikajibanza pembeni. Nikasema ataondoka sasa hivi. Wapi. Ananoa panga, ananyamaza, ananoa tena. Maji yakaniishia kwenye chungu, maharage yakaanza kuungua, na ndoo iko palepale nje, naiona. Mvua ikaja, ile ya kwetu isiyo na haraka, moshi ukakosa pa kwenda ukanirudia mimi. Machozi yananitoka, kukohoa siwezi, nimejiziba mdomo na khanga. Hakuna aliyenikataza kutoka, mjukuu wangu. Hakuna mbwa, hakuna kufuli. Ila miguu ilikuwa kama imeshonwa na udongo.

Mama mkwe kurudi, kalowa chapachapa, akamuuliza mumewe mbona amekaa kwenye baridi na kazi hafanyi. Mzee akajibu polepole, lakini nilisikia.

"Nitapita wapi? Mkwe yumo humo jikoni. Nimekwisha kukaa ndiyo naona moshi. Tangu asubuhi namsubiri atoke."

Jamani, kumbe na mimi nimemfunga! Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Toka siku hiyo mzee akitaka kupita anakohoa mara mbili, na mimi nikigonga chungu kwa mwiko, basi nimempa mgongo, apite.

Mjukuu wangu hakungoja nimalize, kashaandika. Wachezaji wawili, kila mmoja na simu yake, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mlinzi. Kuonana hakuna, kusema hakuna. Mpaka wavumbue ishara yao.

Mwalimu kaipenda, ila kataka mwishoni waonane uso kwa uso. Mtoto akanipigia simu toka Mbeya, anataka kumchora mzee kwenye gemu, nimwambie alikuwaje. Nimekaa kwenye mji wa mzee yule miaka na miaka, nimempikia mpaka anafariki. Visigino vyake vilivyopasuka navijua. Mgongo wake naujua.

"Uso siujui, mjukuu wangu."

Akasema basi na yeye uso hauchori.

Alipeleka hivyohivyo. Mwalimu akamuuliza mbona huyu mzee hana uso, naye akamjibu kwamba mwenye hadithi hajauona. Wakampitisha. Mwaka hakurudia.