Mlango Wazi Siku ya Usaili

Vijana waliomaliza shahada ya kwanza hunifuata nyumbani kwangu Masasi wakitaka niwaelekeze namna ya kuomba nafasi ya uzamili. Nawaambia ninayoyajua. Lisomeni andiko lenu mpaka muweze kumweleza mtu anayepukuchua mahindi. Msitume barua ileile kila chuo, wanaosoma si wajinga. Mkiulizwa msichokijua, semeni hamkijui. Tunaelewana vizuri mpaka tufike kwenye ule ushauri wa kujifungia ndani unapohojiwa kwa mtandao. Hapo ndipo tunapogombana.

Na mimi niliambiwa hivyohivyo. Mwalimu mmoja alitusisitizia: funga mlango, asipite mtu nyuma yako, hata kuku asisikike. Wakati huo nilikuwa nimerudi kwa mama, Newala, na mtandao ulikamata sebuleni tu. Siku ya usaili nikaweka kompyuta mezani, nikavaa shati la kanisani. Nafasi ile niliitaka mno. Nilitaka kusomea magonjwa ya mikorosho, na chuo kile ndicho pekee kilichokuwa kimeniita.

Jopo lilikuwa ndiyo kwanza limetokea kwenye kioo mama alipoingia kutoka shambani, kanga yake ikinuka salfa ya kupulizia mikorosho. Akasikia sauti za watu wazima nyumbani mwake. Kwetu mgeni akishafika sebuleni, mwenye nyumba humsalimu kabla ya neno lingine lolote. Ukimpita kimya umemfukuza. Mama akavuta kigoda, akaketi pembeni yangu, akachungulia kioo.

"Karibuni. Huko mlikotoka hawajambo?"

Mwanamke mmoja wa jopo akatabasamu. "Hawajambo. Shikamoo mama."

"Marahaba. Na wewe baba, hujambo?"

Mwenyekiti hakumjibu. Akaniangalia mimi. "Tunaomba umtoe huyo mama ili tuanze. Huu ni usaili."

Nilimwona mama akianza kuinuka harakaharaka, kama mtu aliyekutwa kwenye shamba la watu. Nikachukia. Sijawahi kuchukia vile. Nikamshika mkono akae.

"Huyu ndiye mwenye nyumba," nikasema. "Amekusalimu. Ukimwitikia ataondoka mwenyewe, kisha uniulize utakalo."

Mwishowe mwenyekiti akasema, shingo upande, "Sijambo, mama." Mama akashukuru, akaenda jikoni. Maswali yote niliyajibu, na najua niliyajibu vizuri.

Nafasi sikuipata. Nilipomwambia mama, aliacha kubangua korosho.

"Ni mimi niliyekuharibia?"

"Hapana, mama."

Hakuniamini. Tangu hapo simu yangu ikiita tu, anabeba kigoda chake na kwenda kukaa nyuma ya nyumba, juani. Hilo liliniuma kuliko ile barua ya kunikataa. Kuninyima nafasi ilikuwa haki yao. Kumfanya mama mgeni kwenye nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, hiyo haki hakuwa nayo mtu, awe na shahada ngapi.

Mwaka uliofuata chuo kingine kikaniita. Wenzangu wakanipigia kunikumbusha mambo ya mlango. Nikawasikiliza, nikawashukuru. Siku ilipofika nikaweka kompyuta mezani palepale, na jopo lilipotokea nikaomba radhi kidogo, nikasimama, nikazunguka nyuma ya nyumba.

"Mama," nikamwambia, "wageni wamefika. Njoo uwasalimie."