Mwanamke Aliyeshuka Kaburini

Mimi ni mtu wa kisasi. Nalisema mapema, ili anayetafuta kumbukumbu za mwanamke mpole ajue hapa amepotea njia. Wengi wamenikosea nikawasahau kwa uvivu tu, lakini yupo mmoja niliyemshughulikia, na hadi leo nikikumbuka uso wake ulivyokuwa siku ile natabasamu. Kisha tabasamu linakatika katikati.

Miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, ilinikuta Newala, nafundisha shule ya msingi. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nina chumba kimoja na njaa ya kusoma. Ruksa ilituletea mambo mengi kwa mkupuo: mitumba, wanunuzi binafsi wa korosho na malori yao, magazeti mapya yaliyotufikia yakiwa na umri wa siku nne, na vitabu vya mapenzi. Vilikuwa vitabu vyembamba, karatasi ya kijivu, jaladani mwanamke analia. Vilikodishwa sokoni katika duka la bwana mmoja tuliyemwita Katibu, kwa kuwa zamani alikuwa katibu wa chama cha ushirika. Ushirika ulipodorora, yeye alinenepa. Dukani kwake kulikuwa na daftari, sabuni, salfa ya kupulizia mikorosho, taipureta ya kukodi, na rafu moja ya vitabu.

Rafu ile ilikuwa na desturi yake. Ukimaliza kitabu, unaandika maoni yako kwenye kurasa tupu za mwisho, na atakayekikodi baada yako anaanza kwa kusoma maoni. Wengi waliandika "kitamu sana" au "kinafundisha". Mimi niliandika kwa kalamu nyekundu, na nilikuwa sina huruma. Kitabu kimoja nilikiandikia: "Busu la ukurasa wa kumi na mbili ni refu kuliko barabara ya Masasi, na lina mashimo zaidi." Kingine: "Huyu bwana kila akimwona mpenzi wake moyo unamwenda mbio. Apelekwe hospitali ya wilaya." Watu wakaanza kukodi vitabu vibovu ili tu wasome nilivyovichambua. Nilijiona mtu.

Maoni hayo ndiyo yaliyomleta rafiki yangu. Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la korosho, mtu wa miaka thelathini na kitu, mkimya, shati limechomekewa hata siku ya vumbi. Alikuja shuleni mchana mmoja, akasubiri wanafunzi watoke, akaweka mezani daftari tatu zilizofungwa kwa uzi wa gunia.

"Dada Mwalimu, nimeandika hadithi," alisema. "Naomba unisomee. Usinionee aibu."

"Sijawahi kumwonea mtu aibu," nikamwambia.

Nilizisoma Jumamosi nzima, mkekani uani, ndoo zangu tupu kwa sababu sikwenda kupanga foleni ya maji. Ilikuwa hadithi ya wanaume wawili, watu wazima, mmoja fundi baiskeli na mwingine dereva wa lori. Walipendana. Sisemi urafiki. Nasema mapenzi, yenye wivu na kununiana, yenye jasho na mlango uliofungwa kwa komeo. Nilishtuka, sitasema uongo; nimelelewa madrasa mimi. Ukurasa wa tatu nilitaka kuzirudisha. Ukurasa wa kumi nilikuwa nimesahau kwamba nilitaka kuzirudisha. Mahali pengine palinichoma masikio, nikainuka, nikazunguka uani mara mbili, nikarudi kukaa.

Nilimchambua kama nilivyowachambua wengine. "Mikono minne haiwezi kuwa mahali sita kwa wakati mmoja. Hesabu upya." "Punguza kuhema, wasomaji wataishiwa pumzi." Alipoyasoma alicheka hadi akajifuta macho. Sikumuuliza ameyajuaje mambo yale. Hakuniambia. Tuliishia hapo, na tulielewana vizuri tu.

Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja ambao sikuutia wino. Baba wa fundi baiskeli amefariki. Kwetu mnajua mambo yanavyokwenda: wanaume wanashuka kaburini kumpokea marehemu, na juu yao wengine wanatandaza nguo kufunika. Fundi ameshuka, na dereva ameshuka pamoja naye, kwa sababu yeye ana nguvu na ni mtu wa karibu. Wanampokea mzee. Kijiji kizima kiko juu, na chini ya sanda mkono wa mmoja unakutana na wa mwenzake, unaushika, unachelewa kidogo kuuachia. Basi. Ndiyo mara pekee katika hadithi yote wanashikana mikono mbele za watu, na hakuna anayeona. Pembeni niliandika kwa penseli: "Hapa usiguse hata nukta."

Nikamwambia ikachapwe. Naam, mimi. Nilisema wakati wa ruksa kila kitu kinawezekana, atafute mtu wa kuipiga taipu, aweke jina la bandia, aipeleke Dar. Taipureta ya kukodi ilikuwa moja tu, ya Katibu, na Katibu alijigamba kwamba anajuana na wachapaji na kwamba yeye hasomi vya watu, anapiga chapa tu. Rafiki yangu akampelekea daftari zote tatu. Baada ya wiki kadhaa alipozifuata, Katibu alitikisa kichwa.

"Mchwa, mdogo wangu. Wamemaliza zote." Kisha akashusha sauti. "Na ushukuru yameonwa na mchwa yale. Yangeonwa na polisi, ingekuwa habari nyingine."

Rafiki yangu alinisimulia hayo akitazama sakafu. Tangu siku hiyo nikawa namchukia Katibu kwa juhudi, kama mtu anavyolima shamba. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa sababu alikuwa mkubwa wangu, naye aliitikia marahaba, na kila marahaba yake niliihifadhi.

Msimu wa korosho uliofuata, kitabu kikatoka. Jaladani mwanamke analia, kama kawaida. Nyuma, picha ya Katibu amevaa suti, kashika kalamu kama mtu anayepima homa. Nilikisoma nimesimama pale pale dukani. Fundi baiskeli alikuwepo. Dereva alikuwa amepewa jina la kike na cherehani, basi. Maneno yote yalikuwa ya rafiki yangu, na hata pale nilipomwambia apunguze kuhema, alikuwa amepunguza. Na ukurasa wa kaburini ulikuwepo mzima. Hata mwizi alijua ni ukurasa mzuri. Alibadilisha jina, akaacha mengine yote yalivyo. Mshonaji wa kike, na gauni lake, ameshuka kaburini pamoja na wanaume kumpokea marehemu.

Kwetu hilo halipo. Kwa Waislamu mwanamke haendi hata makaburini, anabaki msibani. Kwa Wakristo anakwenda, lakini anasimama juu na kuimba. Kushuka shimoni ni kazi ya wanaume, na Katibu mwenyewe alikuwa kwenye kamati ya msikiti. Nilishangaa hakuna aliyepiga kelele. Baadaye nikaelewa: watu wakifika ukurasa ule walikuwa wanalia, na anayelia hahoji. Wachache waliohoji walidhani ndivyo wafanyavyo Dar.

Wakati huo rafiki yangu alikuwa ameajiriwa na mnunuzi binafsi, anapanga chumba Masasi na kuzungukia vijiji na mizani yake. Alipopita Newala nikamwonyesha kitabu. Alikuwa ameshakiona.

"Achana nalo, Dada," alisema.

"Anajisifu kwa jasho lako!"

"Achana nalo. Nakuomba."

Nilidhani ni woga. Nikamwonea huruma, na huruma ikaniongezea hasira. Nilijiambia kwamba yeye hawezi kujitetea, basi mimi nitamtetea, apende asipende. Ukweli ni kwamba nilikuwa nataka kumwona Katibu akigaragara. Rafiki yangu alikuwa sababu nzuri.

Nafasi aliileta Katibu mwenyewe. Aliandaa hafla ya kujipongeza katika ukumbi wa pale mjini, pilau na soda, akaniita niseme machache.

"Wewe ndiye bingwa wa maoni, Mwalimu. Sema mawili matatu mazuri."

"Nitasema, Katibu," nilimjibu. Nilifua gauni langu la bluu.

Ukumbi ulijaa. Walikuja walimu, wafanyabiashara, wazee wa msikiti, kina mama wa kwaya, hadi watu wa vijiji vya Mnyambe na Chilangala. Nilianza kwa kusifu, tena nilisifu kwa moyo kwa sababu nilijua niliyekuwa namsifu. Kisha nikaomba ruhusa nisome ukurasa mmoja. Nikasoma taratibu. Nilipofika mahali mshonaji anashuka, nikasimama, nikavua miwani, nikauliza kwa upole kabisa:

"Wazee wangu, nifundisheni. Ni msiba wa nani hapa kwetu mwanamke alishuka kaburini?"

Kisha bibi mmoja wa mbele akaguna, jirani yake akacheka, na kicheko kikatembea safu kwa safu mpaka mlangoni. Mzee mmoja wa msikiti akainuka kwa fimbo yake.

"Katibu, wewe ntu nzima," alisema. "Baba yako tulimzika sote hapa. Nwanamke gani alishuka kukupokelea?"

Ukumbi ulipasuka. Watu walishikana mabega. Katibu alisimama jasho likimtiririka kwenye kola ya suti. Nilikuwa nayo nafasi ya kukaa chini. Ningekaa pale, ingetosha. Angechekwa mwaka mzima na mambo yangeishia kwenye kuchekwa. Lakini mtu wa kisasi hashibi mapema. Nikamgeukia.

"Labda Katibu atueleze. Alipokuwa anaandika ukurasa huu, alikuwa anamfikiria nani?"

"Si mimi!" alipiga ukelele. "Si mimi niliyeandika! Ni yule karani wa mizani, yule anayepimia korosho! Na huyo hakuwa mwanamke! Walikuwa wanaume wawili, wanaume na wanaume, nimewaokoeni! Mimi nilisafisha tu!"

Kicheko kilikatika. Nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu: kwa muda wa pumzi moja nilifurahi. Nilisikia "si mimi niliyeandika" na moyo wangu ukaruka, amekiri, amekiri mbele ya watu, nimempata. Yale mengine yalinifikia baadaye kidogo, nilipoona watu wamegeuka wanatazamana, na kina mama wanaviweka vitabu vyao chini ya viti kwa ncha za vidole.

Katibu aliisha. Siwezi kujifanya sikuonja. Walimbandika jina la Bibi Kaburi, akatolewa kwenye kamati, na kabla ya mvua za masika duka likafungwa. Nilipita mbele ya mlango ule uliofungwa nikiwa nimenyoosha shingo.

Asubuhi iliyofuata hafla nilidandia lori la korosho, nikateremka kutoka uwanda wetu wa juu hadi Masasi. Nilipanga maneno njia nzima. Nilitaka rafiki yangu aisikie kwangu, kwa mpangilio wangu, nianze na jasho la Katibu na nimalizie na kukiri kwake. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu na lori la alfajiri. Mwajiri alikuwa ameshachukua mizani yake, na mwenye nyumba alikuwa amesimama barazani, amekunja mikono, anasubiri chumba.

"Amekiri," nilisema hata hivyo. Nilikuwa nimelibeba neno lile kutoka Newala, sikujua niliweke wapi. "Mbele ya watu wote. Wamejua kitabu ni chako."

"Wamejua," alisema.

"Alikuibia. Alikutisha. Ningekaa kimya?"

"Nilikuomba ukae kimya."

Alikaza fundo, akalipima kwa kulivuta. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha kuliko hasira.

"Wiki mbili zilizopita nilikuwa kijijini Mkunya," alisema. "Nimetundika mizani, nasubiri magunia. Kina mama wamekaa wanabangua korosho, mmoja anawasomea. Alipofika pale kaburini sauti ikamkatika, akampa mwenzake aendelee. Naye akashindwa. Wakakaa hivyo, mikono yao myeusi kwa mafuta ya korosho, wanalia. Wanawalilia wale wawili. Dada, nimesimama hatua tatu kutoka kwao, nasikia maneno yangu yote, na hakuna anayenitazama. Sikuwahi kuwa na siku nzuri kama ile."

Mwenye nyumba alikohoa. Rafiki yangu akajitwisha godoro, akainama kupita mlangoni, na alipokuwa sambamba nami akasimama.

"Jina mimi sikulitaka. Nilikuwa nasomwa. Sasa jina ninalo, na Mkunya usiku wa jana wamekichoma kitabu jikoni."